Mshipa wa Shingo na Sauti ya Mama

Mama alikuwa akipogoa mizabibu mkasi ulipomdondoka. Mkono wa kulia ulikataa kuinuka, na alipotaka kuniita, maneno hayakutoka. Dakika chache baadaye akawa mzima, akataka kuendelea na kazi. Nilimpeleka hospitali tukibishana njia nzima. Kipimo kikaonyesha kwamba mshipa wa kushoto wa shingo, unaopeleka damu kwenye ubongo, umezibwa na mafuta, umebaki upenyo mwembamba tu.

Daktari, binti wa rika la wanangu, alimwamkia shikamoo, kisha akaeleza njia mbili. Ya kwanza ni kupasua shingo na kuyakwangua mafuta. Ya pili ni kupitisha mrija mwembamba kutoka pajani hadi shingoni, na kuacha humo kiwavu cha chuma kinachoutanua mshipa.

Nyumbani nikamfafanulia kwa mfano wa mipira ya kumwagilia kwa matone, ambayo maji yetu ya chumvi huiziba kila msimu. Nilijiona mwalimu hodari.

"Mpira ukiziba, mimi hutia mwingine ndani?" Mama akauliza. "Naufungua, nausafisha. Lakini kwanza nafunga koki. Wakifunga koki ya shingo, kichwa kitakunywa nini?"

Nilicheka, kisha nikaliandika swali lake. Tulirudi kwa daktari, safari hii na mjomba, mdogo wake Mama.

"Umeuliza vizuri, mama," daktari akasema. "Iko mishipa mingine inayolisha ubongo. Isipotosha, tunaweka mrija wa muda, damu inapita humo." Akaendelea taratibu: kwa umri wake, kiwavu kina hatari kubwa kidogo ya kuleta kiharusi siku za mwanzo. Upasuaji nao unaweza kuusumbua moyo, tena karibu na mshipa ule inapita neva ya sauti. Siku hizo zikipita salama, njia zote mbili hulinda karibu sawa.

Mama akajigusa koo. Kanisani kwetu hakuna kinanda. Yeye ndiye huanzisha nyimbo.

"Sauti ikipotea, hurudi?"

"Mara nyingi hurudi. Si mara zote."

"Dada, chukua kiwavu," mjomba akasema. "Sauti yako tunaihitaji."

"Mnaihitaji kwa sababu mnaimba kama mbuzi. Nikipooza nitawaimbia kwa mdomo gani? Wapasue."

Walipasua. Alipozinduka aliambiwa ainue mikono, aonyeshe meno, atoe ulimi. Vyote vilikuwa sawa. Ila sauti ilikwaruza kama mwiko kwenye ukoko, na nilikwenda kulia koridoni.

Jumapili aliyorudi kanisani, aliuanzisha wimbo chini kabisa, pale sauti ilipofika. Wanawake walihangaika kuushika. Wanaume, waliokuwa wakikabwa na sauti yake ya juu miaka yote, waliimba mpaka mabati yakatetemeka.

"Dada," mjomba akamwambia tulipotoka, "mwambie daktari asiirudishe ile ya zamani."

Mama akasema kliniki ijayo atauliza kama inawezekana kubaki na hii.