Kinyozi wa Kifungo, Ua Lililobakiwa na Mgongo Mmoja wa Mlima

Jua bado halijaifikia miamba, na Kinyozi amelala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande wa barafu, mkasi mkononi, kidevu kikikaribia ardhi. Anakata jani moja la nyasi. Anapuliza. Anakata lingine.

"Huyu mteja hana haraka," anasema bila kuinua kichwa. "Wala hajawahi kulalamika kwamba nimemharibia mtindo."

Mteja ni ua. Wachungaji wanaliita kifungo, kwa kuwa ni jeupe na dogo kama kifungo cha shati, na majani yake yenye manyoya hayapiti kifundo cha mguu. Zamani kifungo kilichanua kwenye migongo saba ya mlima huu. Leo kimebaki kwenye mmoja, ndani ya uzio wenye ukubwa wa uwanja wa mpira wa wavu, na msimu huu mashina yaliyochanua hayafiki arobaini.

Huko chini ni joto lililokifukuza. Kadiri miaka ilivyokwenda kilionekana juu zaidi, hadi mlima ukaisha.

"Ua halina mabawa," anasema Kinyozi. "Likifika kileleni, liende wapi tena?"

Hapa juu, hata hivyo, waliolikaba ni yeye na wenzake.

Miaka sita iliyopita mbuzi walikuwa wanakikanyaga kifungo, na ofisi ya hifadhi ikaamua kuweka uzio. Kinyozi, kibarua wa kutengeneza njia za mlimani, alibeba nguzo mgongoni, akazichimbia, akafunga waya. Kisha akawafukuza mbuzi kwa mawe. Mbuzi wenyewe walikuwa wa shemeji yake, kaka wa mkewe.

"Nilimwambia kazi ni kazi," anakumbuka. "Tangu siku hiyo, nikiingia kwake kwa mlango huu, yeye anatokea ule."

Uzio ulisimama vizuri. Bahati mbaya, nyasi nazo zikasimama. Mbuzi hawakuwa wakila kifungo, maana manyoya yake yanawakera mdomoni. Walikuwa wakila nyasi zinazokizidi kimo. Mtaalamu wa mimea alipokuja kukagua, alikuta nyasi zinazofika magotini, na chini yake vifungo vimepauka kwa kukosa jua. Mbuzi walikuwa wameua vichache. Uzio uliua karibu vyote.

Fyekeo lingekata nyasi na maua pamoja, ndipo ukaja mkasi, na jina la utani likaufuata. Vibarua wawili walioletwa kumsaidia waliacha. Posho haikutosha hata dawa ya kuchua magoti.

"Ananyoa mlima mzima, ndevu zake zimemshinda," anatania mkewe nyumbani, akimkanda magoti kwa maji ya moto. Halafu utani unaisha. "Juzi aliteremshwa kwa kushikwa mkono. Mwakani atapandishwa na nani?"

Ofisi imekubali kufungua uzio mbegu zikishadondoka, mbuzi warudi kula. Mfugaji aliyebaki karibu ni mmoja tu. Wiki iliyopita Kinyozi alimkuta nje ya nyumba yake akishona kiatu.

"Shemeji, nimekuja kuomba mbuzi."

"Wa kuchinja?"

"Wa kula nyasi."

Shemeji aliendelea kushona. "Nyasi zile zile ulizowafukuzia?"

"Zile zile."

"Wamebaki watatu. Wengine niliwauza. Malisho yalikuwa upande wako wa waya."

Kinyozi anasema alikaa chini kumshikia kiatu. Kilipokwisha kushonwa, shemeji alisema atawapandisha mwenyewe, kwa sharti moja: Kinyozi asiwaguse.

Mtaalamu ameshaonya kwamba watatu hawatoshi, na nyasi zinaweza kuota upesi kuliko wanavyozila. Kinyozi anajua. Anafuta mkasi kwenye suruali, anajivuta kuelekea ua linalofuata.

"Jike mmoja ana mimba," anasema. "Siku hizi namuulizia hali yake zaidi kuliko ninavyomuulizia mke wangu."