Wageni Walioandikwa Kwangu

Mwaka ambao ng'ombe walikula ulezi wangu ndio mwaka ambao mbolea ya dukani ilitushinda. Serikali ilikuwa imeacha kutubebea bei, soko likaitwa huria, na sisi wa Ufipa tukawa tunaitazama mifuko ya mbolea kule Sumbawanga mjini kama watoto wanavyotazama maandazi ya watu. Wengine walikaa wakalalamika. Mimi nilichukua jembe nikarudi kwenye intumba za bibi yangu. Intumba ni vilima vya udongo, vya mviringo, vinavyofika magotini. Mvua ingali inanyesha, unakata udongo pamoja na majani yake, unayafunika majani ndani, unayaacha yaoze humo mpaka msimu mwingine, ndipo unavunja na kupanda. Ni kazi ya kuvunja mgongo, lakini haihitaji duka.

Nilikuwa mjane wa mwaka wa pili. Nalisema hilo ili ieleweke kwamba shamba la ulezi lililopakana na hizo intumba, ulezi uliokwisha kutoa vichwa, ndilo lililokuwa tegemeo langu lote: ugali wa nyumbani, pombe ya kuwaitia watu kazini, na sare za shule. Halikuwa shamba la kujifurahisha.

Basi asubuhi moja nafika, nakuta ng'ombe wamepita katikati ya ulezi kama wamechongewa barabara. Umelazwa, umekanyagwa, uliobaki umeliwa. Kilichonipandisha mori hasa ni kwamba pembeni palikuwa na eneo pana la intumba tupu, hazina hata jani la kuharibu. Wangepita huko nisingefungua mdomo. Wameziacha, wakaja kupita kwenye chakula! Nikasema hawa watu wamekusudia, na mimi watanitambua.

Kila mtu alijua ni akina nani. Mwishoni mwa masika ilikuja familia moja ya Wasukuma na kundi lao la ng'ombe na mkokoteni, wakapiga kambi ng'ambo ya kijito. Miaka ile walikuwa wanapita wengi, wanashuka bondeni upande wa Ilemba kutafuta malisho. Hawa hawakushuka. Walikaa tu, na hakuna aliyewapeleka kwa balozi wetu wa nyumba kumi kuwatambulisha. Wakati huohuo kulikuwa na vita upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, watu wanavuka na mitumbwi wakiwa na watoto mgongoni, na maagizo yalikuwa yanashuka kutoka wilayani kwamba kila balozi awajue wageni wake, na asiye na kibali cha kuhamia arudi alikotoka. Tukatangaziwa kwamba kamati ya ulinzi na usalama ya kata itakaa shuleni kwetu, na afisa wa wilaya atakuwepo. Nilifurahi, kusema kweli. Nikaona serikali imekuja kunilipia kisasi.

Lakini mimi siwezi kumsubiri mtu anisemee. Siku moja kabla ya kikao nilifunga kibwebwe, nikabeba fungu la ulezi uliokanyagwa, nikavuka kijito. Nilimkuta kijana wao mkubwa, mtu mzima mwenye watoto, anatengeneza gurudumu la mkokoteni. Alisimama akanisalimia kwa heshima zote. Sikuitikia. Niliutupa ulezi wangu miguuni pake nikaanza, na nikianza huwa simalizi haraka.

Nikasikia mtu anakohoa. Kwenye kivuli cha mkokoteni, juu ya ngozi, alikuwa amelala mama yao. Alikuwa amekwisha, mifupa na macho tu, miguu imevimba. Ndipo nikaelewa kwa nini hawakushuka bondeni: mkokoteni ulikuwa unamuua njiani. Sasa mtu mzima kama yule utamtukania mwanawe mbele yake? Nilipiga magoti, nikapiga makofi ya salamu kama ilivyo kwetu, nikamwambia shikamoo mama.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Poleni sana na msiba. Ni ugonjwa gani uliowaua watu wengi namna hii?"

Nikamwambia hatuna msiba. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeona mwenzake bado hawezi kulizungumza. Akaniambia tangu walipofika aliwakataza watoto wasichungie pale kwenye makaburi, wala wasipige kelele wala miluzi wakipita, na kwamba kila jioni, yeye mwenyewe hapo alipolala, alikuwa anawaombea wale waliolala pale. Ng'ombe wasiwakanyage wafu wa watu, ndivyo alivyowaamuru. Ndiyo maana walipitishwa pembeni.

Jamani! Pembeni ndiko kwenye ulezi. Intumba zangu zote, zile za kuozesha majani, yule mama alizihesabu kuwa ni watu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilimweleza, kijana naye akaelewa, akashika kichwa, mke wake akageuka akajificha uso kwenye kanga anacheka. Mama mwenyewe alitabasamu polepole. Halafu kicheko changu kikageuka, nikajikuta nalia. Mume wangu alipofariki watu walinipa pole wiki mbili, tatu, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, hata mbuzi wa jirani wakawa wanalala juu ya kaburi lake. Na huyu mgeni, asiyejua hata nimefiwa na nani, alikuwa ananiombea wafu wangu kila jioni. Nikamweleza habari za mume wangu, kwa urefu, kama sijawahi kuzieleza. Alinishika mkono mpaka nikamaliza.

Wakati naondoka aliniomba jambo moja tu. "Mwanangu, nimechoka barabara," alisema. "Nisipandishwe tena kwenye mkokoteni."

Kesho yake shule ilijaa. Afisa wa wilaya hakuwa mtu mbaya, wala sitamsingizia. Alieleza kwa utaratibu kwamba serikali haina ugomvi na kabila lolote, lakini lazima ijue nani analala wapi, kwa sababu wakati wa shida, njaa au vita, huwezi kumsaidia wala kumzuia mtu usiyemjua. Nilikubaliana naye, na mpaka leo nakubali. Kisha mtendaji wa kata akasema familia ya ng'ambo ya kijito haina kibali, ng'ombe wao wameharibu mazao, mgambo wawasindikize bondeni wiki hiyohiyo. Akaniita nieleze hasara yangu. Watu wakakaa sawa, maana wananijua mdomo wangu.

Nilisimama nikasema hasara yangu naijua, na aliyenitia hasara atanilipa kwa samadi na kwa maksai wa kulima, tumeshakubaliana. Mtendaji akauliza, na suala la kibali je? Nikamjibu kwamba kwetu mgeni hufikia kwa mtu. Anayefikia kwa mtu ana mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayemjibia.

"Hawa ni wageni wangu," nikasema. "Waandikwe kwangu."

Palizuka minong'ono, mtu mmoja nyuma akasema huyu mama kaingiwa na nini, ulezi umeliwa na akili pia. Afisa aliniuliza kama naelewa kwamba wakikosea, itafuatwa nyumba yangu. Nikasema naelewa. Walijadiliana kidogo, kisha akaamua: wakae kwa muda, mpaka mama yao apate nafuu, halafu waondoke. Kwa muda tu, alirudia, na mtendaji akaandika.

Basi wakakaa. Samadi ilikuja, mikokoteni na mikokoteni, na mvua zilipoanza maksai wao walilima shamba langu kabla ya lao. Mama yao hakupata nafuu, ila hakufa pia. Niliwahi kumtania kwamba anajiuguza makusudi ili wanawe wasihamishwe. Alicheka akasema hilo ndilo lililobaki analoweza kuwafanyia.

Alifariki masika ile iliyofuata, tukiwa tumeshainua intumba mpya shamba la juu, kando ya ulezi wa mwaka huo, mimi na mkwe wake. Alikuwa ameacha neno. Kwao alikozaliwa ni mbali, na barabara alikwisha kuikataa, kwa hiyo alazwe kwenye intumba zangu. Mwanawe alikuja kuniambia hilo huku anatazama chini, akiogopa nitakataa. Nilimwonyesha mahali mwenyewe. Tulimzika katikati, na kaburi lilipomalizika lilikuwa na kimo kilekile cha intumba nyingine. Nililia kama nimefiwa mara ya pili.

Kisha hofu ikaingia. Kibali chao kilikuwa mpaka mama apate nafuu, na sasa hapakuwa na mama wa kusubiriwa. Mwanawe alianza kutengeneza gurudumu la mkokoteni bila kuambiwa.

Haukupita muda gari la wilaya likaja. Afisa wa kwanza alikuwa amehamishwa, huyu alikuwa mgeni kabisa, ametoka pwani, amevaa sweta kwa baridi yetu. Aliuliza kwa upole yuko wapi yule mgonjwa ambaye familia ile ilikuwa inamsubiri. Nikamwambia twende nikuonyeshe.

Alifika ukingoni mwa shamba akasimama. Aliangalia intumba zote zile, udongo bado mpya, mpaka kule juu zinakoishia. Akavua kofia.

"Mama," akaniuliza kwa sauti ya chini, "wote hawa ni wa kwenu?"

"Hapana," nikamwambia. "Mmoja tu. Na ni wa kwao."

Akauliza ni ipi, nikamwonyesha kwa kidole, na sikumweleza zile nyingine ni nini. Mwishowe akasema basi, watu walioacha mzazi hapa wameshafika, atamwambia mtendaji awaandike moja kwa moja.

Kurudi kwenye gari, njia fupi ilikuwa inakatiza kwenye intumba. Hakuipita. Alizunguka kwa nje, kofia mkononi, anatembea taratibu, akapita katikati ya ulezi wangu. Niliutazama unavyolala chini ya viatu vyake, na mimi, mwenye mdomo wangu huu, sikusema neno.