Makopo ya Thuranira

Thuranira wa Mikinduri alifunga miraa kwa miaka arobaini, na ukimwambia hajui kufunga kitu, unamkosea heshima. Ubishi huo ndio uliomponza.

Ujanani aliwahi kuendesha projekta kwenye gari la sinema, na tangu hapo akawa anakusanya filamu ambazo wenzake walizitupa: mwanamume anayeosha kiti huku akilia, mbuzi anayepanda ngazi kinyumenyume. Majirani walimcheka, na kusema kweli hata ungekuwa wewe ungecheka. Yeye alisema filamu yenye hadithi ikiisha imeisha, lakini hizi humfuata mtu nyumbani zikakaa naye mezani. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya dakika kumi na moja tu: mwanamke aliyejifunika uso kwa ungo, akirudi nyuma polepole katikati ya majani chai. Hakujua nakala nyingine popote duniani. Warsame, msafirishaji wa Meru mjini na mkusanyaji mwenzake, alikuwa amenunua mashine ya kuinakili, ila ilikwama bandarini miezi miwili.

Jua lilipozidi kuchoma mabati, Thuranira aliogopa mikanda isije ikakauka. Akafanya alichokijua. Kila mkanda aliuvingirisha kwa majani mabichi ya mgomba, akayanyunyizia maji, akaurudisha koponi na kukaza kifuniko.

"Baba, nyumba inanuka siki," alisema bintiye, Nkirote. "Kuna kitu inaoza kwa hayo makopo. Fungua tuone."

"Miraa ikifungwa hivi inafika Nairobi ikiwa mbichi. Wewe umewahi kufunga nini?"

Kila asubuhi harufu ilikuwa kali zaidi. Paka akahama chumba kile. Thuranira mwenyewe alikuwa na hofu, na ndiyo maana hakufungua.

Hatimaye Warsame alifika na mashine yake. Akasimama mlangoni, akanusa, tabasamu lake likafifia.

"Mzee, filamu ikioza hunuka hivi. Ulizifunga na nini?"

Thuranira akafungua kopo la kwanza. Jani lilikuwa jeusi. Ndani yake mkanda ulikuwa umejikunja na kushikana, picha zimeyeyuka. Wakafungua kopo la pili, la tatu, mpaka la mwisho. Yote yalikuwa siki. Warsame akatoka nje kujifuta macho.

Nkirote akachukua daftari, akakaa karibu na babake. "Pole, Baba. Ile ya mwanamke bado unaikumbuka. Niambie niandike. Ilianza aje?"

"Kulikuwa na mwanamke," alisema Thuranira. "Ungo. Majani chai." Akaanza upya. "Mwanamke. Ungo."

Filamu ile haikuwa na hadithi ya kusimulia, na Nkirote akaifunga kalamu.