Dalmas Aliyebeti Tiketi ya Kwenda Kuoa

Dalmas ni dereva wa nyumba moja pale Al-Naseem, Riyadh. Anapeleka watoto shule, anamrudisha madam kutoka sokoni, na njiani anaziombea timu za Uturuki, nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Mchumba wake Lorine ni yaya Aziziya, Jeddah. Mwaka huu likizo zao ziliangukia pamoja, wakapanga mambo vizuri kuliko serikali: Lorine aruke kutoka Jeddah, Dalmas kutoka Riyadh, wakutane Nairobi, kisha waende kwa kina Lorine, Siaya, kutoa mahari. Ng'ombe walikuwa tayari, wameshatangulia Siaya. Alikosekana bwana tu.

Kafili, yaani mwajiri aliyekuleta huku, ndiye hukununulia tiketi ya likizo. Dalmas akajiona mjanja.

"Baba, usinunue. Nipe pesa, kuna rafiki yangu pale mtaa wa Batha anapata bei rahisi."

Akapewa pesa na ruhusa ya kusafiri. Hapa Saudia kubeti ni haramu, ni jela, kwa hiyo ujinga wetu huwa tunautuma nyumbani ukafanyiwe huko. Pesa zikaenda kwa binamu yake Jackton, Kisumu, naye akamwekea mkeka wa mechi tano, zote lazima ziingie.

"Nikishinda naingia kwa wakwe na gari," alituambia mimi na Fred, rafiki zake.

"Na ukiliwa?" Fred akamuuliza.

"Wewe Fred una mdomo wa bundi."

Mechi nne zikaingia. Ya tano, kipa ambaye Dalmas hawezi hata kutamka jina lake alitema mpira mwepesi kama mtu anayeonja kahawa ya Waarabu mara ya kwanza. Mkeka ukachanika. Kampuni ikamtumia Jackton pole, pamoja na bonasi ya kujaribu tena. Hao ni mbwa, na mbwa wanisamehe.

Sasa kafili aliamini Dalmas yuko Kenya. Lorine, aliyekuwa ameshafika kwao, aliambiwa kafili amekataa kutoa likizo. Dalmas mwenyewe alikuwa Batha, kwenye chumba tunachochangia na Fred kwa ajili ya siku za mapumziko, amelalia godoro langu, anakula wali wangu, haogi wala hatoki nje, asije akaonekana.

Siku ya mahari ilikuwa Ijumaa, sote tulikuwepo chumbani. Lorine akapiga simu ya video. Nyuma yake kulikuwa na hema, viti na wazee waliovaa makoti.

"Dalmas, wazee wamekaa. Nimempigia kafili wako."

Mjue Lorine anazungumza Kiarabu kama aliyezaliwa nacho.

"Umempigia wa nini, mpenzi?"

"Nilitaka kumwomba akuachilie, hata kwa kulia. Unajua ameniambia nini? Ameniuliza kama ulifika salama."

Dalmas akakohoa. Mtu mwenye akili angeomba msamaha.

"Lorine, sikiza. Ilibaki mechi moja tu. Moja! Yule kipa..."

"Kipa?"

"Angeudaka ule mpira, saa hii..."

"Nimesugua vyoo vya watu miaka yote hii, nije nikae mbele ya baba yangu hivi, kwa sababu ya kipa?"

Akampa baba yake simu. Mzee aliitazama kwanza, kama anayetazama kitu kilichooza.

"Kijana."

"Ndiyo, baba."

"Baba ya nani? Tuma watu waje wachukue ng'ombe wao. Wanamaliza majani yangu."

Simu ikakatwa. Dalmas akatugeukia, akitafuta wa kumhurumia. Hakumpata.

Haikupita muda, kafili naye akapiga. Hakupiga kelele. "Halas, Dalmas. Likizo imekwisha. Njoo, gari chafu." Akaenda, kichwa chini, na shuka langu begani.

Watu husema mchezo huu unaumiza anayeucheza. Uongo. Yeye yuko pale Al-Naseem, anaosha gari, anashiba. Aliyeumia ni msichana aliyepika chakula cha wageni, akawapakulia mwenyewe, akakusanya sahani, huku shangazi zake wakinong'ona.

Lorine amerudi Jeddah na laini mpya. Fred anayo namba. Dalmas ameiomba mpaka akapiga magoti, na Fred, mtu asiyemnyima yeyote kitu, akamwambia, "Acha dada wa watu apumzike."