Wimbo Usiomngoja Mwimbaji

Jumatano, tarehe 12 Machi 2025. Rasharasha tangu alfajiri, upepo kidogo, baridi ya kuvaa sweta.

Siku hiyo Matiko Mogesi, mkulima wa Nyansurura mwenye miaka hamsini na minane, alipanda bodaboda kwenda Robanda akiwa amelikumbatia litungu lake, kinubi cha Wakurya. Alikuwa amelizungushia blanketi na juu yake mfuko wa mbolea, maana ngozi ya ng'ombe ikilowa hulegea, na nyuzi zote nane hupotea sauti. Alikuwa anakwenda kuliuza. Anold, mtunza stoo wa kambi moja ya watalii, alikuwa akitafuta kitu cha asili cha kutundika ukutani juu ya kaunta ya vinywaji.

Kwa miaka thelathini Matiko alipiga nyuzi na kaka yake Wangwe akaimba. Kwao nyuzi hutangulia kusalimia watu, kisha mwimbaji huingia na majina: ukoo wa bwana harusi, wajomba wa bibi harusi, hata fahali wa nyumbani akitajwa. Wangwe alifariki mwaka juzi. Sauti ya Matiko ni ya kukwaruza, haijawahi kufika zizi la pili. Wiki iliyotangulia jirani yake, Mzee Nelson, alimwomba akapige Jumamosi kwenye harusi ya binti yake Beatrice, naye akakataa.

"Nitapiga nini?" alimwambia. "Nisalimie watu, halafu nikae?"

Kambini aliambiwa Anold amekwenda Mugumu kununua vitu, atarudi mchana. Akapelekwa chumba cha kupigia pasi, ambako Modesta, binti mkubwa wa marehemu Wangwe, anafanya kazi.

"Shikamoo, baba mdogo. Mbona umelivisha kama mgonjwa?"

"Marahaba. Limenyeshewa. Nipe nafasi karibu na mkaa wako."

Modesta alisogeza jiko anakochochea mkaa wa pasi. Matiko akalifungua litungu, akaligeuza ngozi ielekee joto, akaketi juu ya kapu la nguo lililofunikwa. Kwenye rafu palikuwa na spika ndogo. Modesta aliibonyeza, akachukua shuka.

"Huu ni muziki wa wageni, wanauwekewa wakati wa chakula," alisema. "Mimi naupigia pasi. Huu wa kwanza unaisha na shuka nne."

Sauti iliyotoka ilikuwa nene, ya chini kabisa, na Matiko aliinua kichwa akilitazama litungu lake kama kwamba ndilo limeguswa. Alidhani ni mtu wa Tarime anapiga. Kisha akaona kuna jambo. Sauti ile haikufa. Yeye akishavuta uzi, sauti huanza kufifia hapo hapo, na maisha yake yote amekuwa akikimbilia uzi mwingine kabla wa kwanza haujaisha. Huyu alikuwa anaishika sauti, anaivuta, anaipandisha taratibu kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa akipanda kilima.

"Eee," Matiko aliitikia, kama inavyompasa msikilizaji kumtia moyo mpigaji.

Modesta alicheka mpaka akaiweka pasi kando. "Hakusikii huyo."

"Wako wawili. Mmoja anauliza chini, mwingine anajibu juu."

"Ni mmoja. Mgeni mmoja alinionyesha picha. Ni kama fidla kubwa, ameiweka katikati ya magoti, anaburuta kijiti chenye nywele za mkia wa farasi."

"Anakata nyuzi kama anapasua mbao?"

"Ndivyo. Na mgeni alisema aliyeutunga alikufa karibu miaka mia tatu iliyopita."

Matiko aliigeuzia spika sikio. Aliendelea kungoja. Shuka ya pili ilikunjwa, ya tatu ikatandazwa, na mvuke ukajaa chumba. Ndipo akauliza, "Mwimbaji wao anakawia wapi?"

"Hana mwimbaji."

"Amekufa?"

Modesta alisimama na pasi mkononi. Alijua baba yake mdogo anauliza nini. Akajibu polepole, "Hapana. Hakuwapo tangu mwanzo. Aliyeutunga alitaka hivyohivyo."

"Salamu tu?"

"Sikiliza mwenyewe."

Alimrudishia mwanzo. Safari hii Matiko hakumngoja mtu. Alisikia vidole vikiteleza juu ya uzi. Alisikia, kabla ya ile sehemu ya kupanda, mpigaji akivuta pumzi puani, vilevile anavyovuta yeye. Kisha sauti ikashuka, ikakaa mahali pamoja bila kutaja ukoo wa mtu yeyote, na nywele za mikono zikamsimama. Aliwaona watu waziwazi, Wangwe akiwa mbele yao, ingawa hakuna aliyeitwa. Ulipoisha hakuitikia. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, viganja juu, na hakujua ameikalisha hivyo lini.

"Shuka nne," Modesta alisema.

"Weka tena."

Uliwekwa mara sita. Anold aliporudi aliwakuta wakisikiliza, akasugua viganja. "Haya mzee, hilo tunalipigilia pale juu, wageni wapige picha."

"Siuzi."

"Umetoka Nyansurura na mvua hii kuja kuniambia huuzi?"

"Sikujua nakuja kufanya nini. Nisamehe."

"Na ukuta wangu ubaki uchi?"

"Tundika pembe za ng'ombe," Matiko alisema, akaanza kufunga blanketi.

Alhamisi asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Matiko alibadilisha uzi wa tatu uliochakaa, akavuka shamba la mihogo mpaka kwa Mzee Nelson, akamkuta anataka kufungua zizi. Alimwambia atakuja Jumamosi.

"Ataimba nani?"

"Hakuna."

"Matiko, harusi bila majina? Wajomba watanielewa?"

Matiko aliketi juu ya jiwe la kunolea panga, akalilaza litungu kifuani, akapiga. Mzee Nelson alisimama na gogo la lango mkononi, akingoja maneno yaanze. Ng'ombe walisongamana nyuma yake, naye hakuwafungulia. Baada ya muda alilishusha gogo chini taratibu, lisipige kelele, akachuchumaa.

Matiko alipiga mpaka mwisho, akavuta pumzi, akauliza Jumamosi wanaanza saa ngapi.

"Saa nne," alisema Mzee Nelson. "Lakini wewe uje saa tatu."