Gumba la Mke wa Fundi

Kwa miaka kumi na minne fundi alikuwa na heshima yake mtaani, na heshima hiyo ilikaa kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto. Duka lilikuwa chumba kimoja: meza, taa ya kupinda shingo, na kabati la droo ndogo ndogo zenye skrubu ambazo ukipiga chafya unaanza kuzitafuta upya. Alitengeneza zile mashine za mkononi zinazoigiza geimu za zamani. Wateja wake walikuwa watu wazima wenye vitambi, waliotaka kumaliza michezo waliyofukuzwa nayo sebuleni utotoni.

Ugonjwa wa mashine hizi hukaa kwenye jostiki, kile kijiti kifupi kinachosukumwa kwa gumba. Kuna vijiti vinavyotembea vyenyewe: hujagusa kitu, na mtu wako kwenye kioo anaelekea shimoni kana kwamba ana miadi huko. Na kuna vilivyolala: unasukuma, kijiti kinatafakari kwanza, kikija kuitika mtu wako keshakufa. Fundi alikuwa akibadilisha kijiti, anasukuma pande nne, anatamka, "Imepona." Watu wakamwita Daktari. Hakuwakataza.

Mkewe alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa pembe ya pili ya chumba hicho hicho. Siku moja ya mvua, wateja hakuna, akaokota mashine iliyokwisha kupona, akasukuma kijiti mara moja huku anatazama dirishani.

"Hii inachelewa ukipanda juu."

"Haichelewi. Nimeipima mwenyewe."

"Kidogo tu, baba watoto. Kama kitambaa kilichokatika uzi mmoja."

Fundi akaifungua ili amtoe ujinga. Ndani, upande wa juu, akakuta unywele. Ulikuwa wake mwenyewe fundi, na wakati huo hakuwa na nywele za kugawa.

Basi ikawa kila mashine ikitoka kwa mume inapita kwa mke. Ili asiguse moja mara mbili, mama alichovya njiti ya kiberiti katika rangi nyekundu ya kucha, akatia nukta kwenye tumbo la mashine. Haukupita mwaka wateja wakawa wanapokea mashine, wanaipindua, wanaangalia tumbo kabla ya kuiwasha.

"Mama kagusa?" wanauliza.

"Nimeitengeneza mimi," anasema Daktari.

"Ndiyo, lakini mama kagusa?"

Kilichomkera zaidi ni kwamba mkewe hakupenda geimu hata kidogo. Angekuwa anajitahidi, anakunja uso, anatoka jasho, fundi angemsamehe. Lakini aligusa huku anazungumza na simu kuhusu zipu.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, rafiki yake wa siku nyingi, aliona mabadiliko.

"Mbona umenuna wiki nzima? Shemeji ana mtu?"

"Hana."

"Sasa huo wivu usoni unamwonea nani?"

Fundi aliwaza moyoni. Laiti kungekuwa na mtu! Wivu wa namna hiyo una utaratibu wake: unamvizia, unamkabili, majirani wanakuja kuamua. Lakini utalikabili vipi gumba la mkeo, lile lile linalokushonea vifungo vya shati?

Ndipo dada wa mkewe akajifungua, na mama akaenda kumuuguza siku tatu. Siku ya kwanza tu kinyozi alileta mashine yake, ile ya kuwatuliza wateja wanaongoja zamu au wanaonyolewa. Kijiti kilikuwa kinatembea.

"Naitaka kesho. Lakini isitoke bila shemeji kuigusa, tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema fundi, akaona haina haja ya kutaja safari.

Kijiti kilikuwa kimechakaa, kilitaka kubadilishwa, na droo ya vijiti vya aina hiyo ilikuwa tupu hadi mzigo wa keshokutwa. Kuna njia ya mkato. Ukiiamuru mashine isisikilize misukumo midogo, kijiti hakitembei tena. Ila na wewe ukisukuma kidogo, husikiwi. Fundi akafanya hivyo, akasukuma pande nne, gumba lake likamwambia safi. Kisha akatazama chupa ya rangi juu ya cherehani. Akaichukua. Alitia nukta kwa uangalifu mkubwa, akashusha pumzi, akairudisha chupa ikitazama upande ule ule.

Siku ya nne mama alikuwa amerudi kwenye cherehani yake, na kinyozi akaingia na taulo begani.

"Shemeji, vipi? Gumba lako lilikwenda likizo? Mashine imelala fofofo! Mteja kafa mara tisa, kaondoka kanyolewa nusu kichwa!"

Mama akaipokea, akaipindua. Fundi akainamia droo ya skrubu akaanza kuzihesabu. Nukta za mkewe zilikuwa michirizi, kila moja na mkia wake, kazi ya mtu mwenye shughuli nyingine. Hii ilikuwa duara kamili. Ungeweza kuipima kwa bikari.

Mama aliitazama kitambo.

"Samahani, shemeji," akasema. "Niliigusa kwa haraka. Kosa langu."

"Aa, wewe tena! Hata wewe ni binadamu," kinyozi akasema kwa upole ambao fundi hakuwahi kuupata katika miaka kumi na minne, akarudi kwake akiacha mashine.

Fundi alingoja kelele. Hazikuja. Mkewe aliiweka mashine mezani pake, akasema tu, "Weka kijiti kipya," na cherehani ikaendelea kunguruma.

Akaketi akiitazama ile nukta. Gumba alikuwa amemnyang'anya. Wateja, vilevile. Sasa amechukua hata kosa, kosa alilolifanya yeye fundi kwa mikono yake, na bado akapendwa kwalo! Hilo lilimshinda kumeza. Akainuka, akavuka barabara bila kuangalia magari.

Kinyozi alikuwa na wembe hewani juu ya shingo ya mtu.

"Ile mashine hakuigusa," fundi akasema mlangoni. "Hakuwepo. Niligusa mimi. Nukta nilitia mimi."

Waliokuwa kwenye benchi wakainua vichwa. Kinyozi akashusha wembe.

"Umevuka barabara kuja kuniambia umenidanganya?"

"Nimekuja kukwambia kosa ni langu. Si lake. Langu."

"Alaa," kinyozi akasema taratibu. "Kumbe ni gumba unalolionea wivu!"

Benchi zima likacheka, hata mwenye shingo. Fundi alisubiri wamalize, kama mtu anayesubiri risiti, kisha akarudi dukani.

"Ulikuwa wapi?" mkewe akauliza bila kuinua kichwa.

"Nimefuata kitu changu," akasema, akakaa akaanza kufungua skrubu.