Baiskeli ya Nyar Kosele

Habari za kifo cha Nyar Kosele zilinikuta Rangwe, nikiwa nimesimama kando ya gari langu lililofunguliwa boneti, fundi akinieleza kwa mara nyingine kwamba tatizo si kubwa. Jirani yangu wa Rongo alipiga simu akasema mwalimu ametutoka. Swali langu la kwanza, na nina hakika lilikuwa la kila mtu aliyepigiwa simu asubuhi ile, lilikuwa: amegongwa? Hapana, akajibu jirani, na katika sauti yake, juu ya huzuni, kulikuwa na kitu kama kuvunjika moyo. Amefia kitandani, moyo umesimama akiwa usingizini. Msomaji, elewa kwamba mji mzima ulikuwa umemtabiria mwanamke huyu kifo cha barabarani. Madereva walimtabiria, wachungaji walimtabiria, wake wa wakubwa walimtabiria wakisukwa saluni. Naye, kwa ukaidi ule ule tuliomzoea nao, akatuangusha sote: akafa kwa utulivu nyumbani kwake, akiwa na magoti mazima ambayo wengi wetu tulio wadogo kwake tunayatafuta kwa madaktari.

Kwa wasiomfahamu, Nyar Kosele maana yake ni binti wa Kosele. Ndivyo tunavyowaita wanawake walioolewa huku kwetu, kwa jina la kule walikotoka. Alizaliwa Kosele, akaolewa Rongo, akafundisha hisabati katika shule ya wasichana mpaka akawa naibu wa mwalimu mkuu, akafiwa na mume mapema, akawasomesha watoto wake, kisha akastaafu. Mtu wa namna hiyo akistaafu, wajibu wake unajulikana. Hununua gari, hata liwe kuukuu, hata likae kwa fundi zaidi kuliko linavyokaa barabarani, kisha huketi kiti cha nyuma na kutupungia mkono sisi tunaomeza vumbi. Yeye alikwenda kwa muuza vyuma chakavu nyuma ya soko akachagua fremu ya baiskeli nyeusi, ile nzito ya zamani ambayo wazee wetu waliitumia kubebea mahindi, wagonjwa na mabibi harusi, kabla pikipiki hazijaja kutuokoa na siha zetu.

Nilikuwa jirani yake, kwa hiyo niliushuhudia ujenzi wa chombo hicho kuanzia mwanzo. Gurudumu la nyuma lilitoka kwenye baiskeli ya muuza maziwa aliyehamia pikipiki, la mbele sijui lilitoka wapi na sidhani hata lenyewe lilikumbuka. Keria ilikuwa ya mwenye kinu cha kusaga unga. Kengele ilikuwa mpya, kwa sababu alisema kitu cha kuwaonya watu hakifai kuwa cha mtumba. Hapakuwa na kipande kilichomjua mwenzake. Fundi wa baiskeli wa mwisho aliyebaki mjini, mzee ambaye sasa huishi kwa kuziba tairi za pikipiki na kuchaji simu za watu, alipoletewa mzigo huo aliuangalia kama daktari anavyomwangalia mgonjwa aliyecheleweshwa. Hata hivyo alikaa chini, akakaza spoki moja baada ya nyingine, akazungusha gurudumu, akalisikiliza, akalikaza tena. Siku alipovalisha cheni na gurudumu likaenda bila kuyumba, nilimwona akitabasamu, jambo ambalo tairi za pikipiki hazijawahi kumfanyia.

Tatizo lilikuwa ni lile bomba la juu la fremu. Nyar Kosele alivaa magauni maisha yake yote, na hakuwa tayari kubadili nguo kwa ajili ya bomba. Akaipeleka fremu kwa mchomeleaji wa jua kali, akamwamuru alikate na kuliteremsha chini.

"Madam, hii ukikata itakunjika katikati kama muwa," mchomeleaji akasema.

"Wewe kata. Hesabu niachie mimi."

Akakata. Kwa wiki kadhaa baiskeli ilikwenda vizuri kabisa, na mwalimu akaonekana sokoni, posta, hospitalini kupimwa presha, kwa wagonjwa, kila mahali, kanga imefungwa kiunoni na kikapu kwenye keria. Kisha siku moja ya soko, mbele ya wauza nyanya, waendesha pikipiki na nusu ya wazazi aliowahi kuwafundishia binti zao, fremu ikakunjika. Haikuvunjika kwa kishindo. Ilishuka polepole, kwa adabu, kama mzee anayepiga magoti kanisani, ikamwacha mwalimu amesimama wima na omena wake, wale dagaa wa ziwani, wametapakaa lami yote.

Soko likacheka mpaka likashika mbavu. "Mathe, hiyo imeenda likizo!" akapiga kelele kijana mmoja wa pikipiki. Wapo waliotoa ile methali ya mkuu na kuvunjika guu, wakiwa na furaha isiyo ya kawaida kwa watu wanaoonya. Nyar Kosele aliwaangalia, akawakabidhi wawili kati ya waliocheka sana sehemu ya mbele ya baiskeli, akambebesha yule kijana sehemu ya nyuma, na kwa sauti ile iliyotuliza mabweni akawaambia, "Haya, kwa mchomeleaji." Wakaenda. Yeye akaokota omena wake akawafuata. Alipofika kwa mchomeleaji akasema, "Ulisema kweli, mimi nilikosea. Sasa weka mabomba mawili, yapite chini sambamba." Mchomeleaji aliniambia baadaye kwamba ilibidi aketi. Alikuwa amesomeshwa na walimu wengi, na hajawahi kumsikia hata mmoja akisema neno kama lile.

Baiskeli hiyo ya mabomba mawili haikukunjika tena, na hapo ndipo wenye busara wa mji walipoanza kuhangaika kwelikweli. Alipoangushwa walimcheka wakaridhika. Alipoendelea, likawa jambo la aibu ya umma. Ujumbe wa kina mama wa kanisa ukaundwa, ukafika nyumbani kwake umejibana ndani ya gari moja, ingawa kanisa lenyewe linaonekana ukisimama mlangoni kwake. Nililetewa kiti niwe shahidi.

"Mwalimu, si kwa ubaya," mwenyekiti akaanza. "Ni watu wanasema. Wanasema watoto wako wamekutupa."

"Watu gani?"

"Watu tu."

"Basi waambie hao watu tu kwamba watoto wangu wananipigia simu kila Jumapili. Wa kwenu wanapiga?"

Kila mmoja akatafuta kikombe chake cha chai. Mwishowe wakaafikiana: siku ya Jumapili mwalimu atakwenda kanisani kwa miguu. Ujumbe ukaondoka umefurahi, ukiwa umemwepusha Mwenyezi Mungu na dhiki ya kuiona baiskeli katika ua wake, ua ambao kwa kawaida hujaa magari ya mikopo.

Aliyeumia kwelikweli alikuwa mwanawe wa kwanza, mwenye cheo kizuri Nairobi. Huyu hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yake, na kila alipokutana na watu wa nyumbani waliosoma naye, walimuuliza kwa huruma iliyokolea chumvi, "Mama bado anapiga pedali?" Akafanya anachofanya mtoto mwenye uwezo. Akaja na gari dogo jeupe, safi, akamkabidhi mama funguo mbele ya majirani, tukapiga makofi. Mama akaliombea gari, akamshukuru mtoto, akaliegesha uani. Hakujua kuendesha, na dereva aliyetafutiwa alikuja siku alizojipangia mwenyewe. Mwanawe aliporudi msimu wa Pasaka alikuta njugu zimeanikwa kwenye boneti na kuku ameshajipangia makao kiti cha nyuma. Mama hakuwepo. Alikuwa ametoka kwa baiskeli kumjulia hali mgonjwa.

Jumapili iliyofuata, mama alipokwenda kanisani kwa miguu kama alivyoahidi, kijana aliipakia baiskeli kwenye gari lake akaipeleka Migori, akamwachia muuza vyuma chakavu. Mimi nilikuwa nimealikwa chakula cha mchana, nikafika pamoja na mama mtu. Aliiona nafasi tupu ukutani pale alipozoea kuiegemeza baiskeli, akauliza, na mwanawe akasema kweli. Hakukuwa na makelele. Mama aliingia jikoni, akatoa samaki na ugali, akatunawisha mikono, akaketi. Alikula kidogo, kisha akaanza kuzungumza akiwa ameangalia sahani yake.

"Wewe unajua tangu nistaafu neno ninalosikia ni lipi? Ngoja. Ngoja dereva. Ngoja tutakutumia mtu. Ngoja nikija nitakupeleka. Nilikuwa nikipiga kengele shule nzima inasimama. Sasa nikitaka chumvi, nangoja."

"Mama, mimi nilitaka tu upumzike."

"Hilo gari lako ni zuri. Lakini kwa gari napelekwa. Kwa ile baiskeli nilikuwa naenda."

Kijana aliacha tonge mkononi. Nilitamani kuwa mahali pengine, na samaki wale walikuwa watamu. Mama alisimama akaondoa sahani, na nilipomuaga nilimwona jikoni amegeukia dirisha, anajifuta uso kwa ncha ya kanga. Miaka yote ya kuwa jirani yake sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi ya mume wake.

Jumatatu, siku ambayo mtu wa cheo anapaswa kuwa ofisini, kijana alimpakia mama yake wakaenda Migori. Fremu waliikuta imetupwa juu ya lundo. Magurudumu yalikuwa yameuzwa tayari. Mama aliniambia kwamba mwanawe alipanda lundo lile na viatu vyake vya ngozi, akapekua mabati na vyuma mpaka akapata magurudumu mengine mawili, moja limepinda. Kesho yake nilipita kwa yule fundi mzee nikamkuta bwana mkubwa ameketi kwenye kopo la rangi, shati limekunjwa mikono, ameshikilia gurudumu huku fundi akikaza spoki na mama yake akitoa maagizo. Simu ikalia. "Niko kwenye mkutano," akasema, akaiweka chini. Sijawahi kusikia mkutano wa serikali au wa kampuni uliozaa matunda kuliko ule. Alipoondoka kurudi Nairobi, gari jeupe lilirudi naye, likiendeshwa na yule dereva, na kuku akahamishiwa bandani.

Tangu hapo Nyar Kosele aliiendesha baiskeli hiyo hadi wiki aliyotuaga. Na sisi tuliendelea na maendeleo yetu. Huu ni mji ambao ukiita kwa sauti sokoni unaitikiwa stendi, lakini mtu wa hadhi hawezi kwenda kununua mkate bila injini. Tunaendesha gari mpaka uwanjani ili tukatembee, kwa ushauri wa daktari. Tunapanda pikipiki kwenda dukani, kisha tunalalamika kwamba pikipiki zinatumaliza. Barabara ilipopanuliwa, wakubwa walikuja kutuuliza maoni yetu, wakiwa wamefunga vioo vya magari yao. Nyar Kosele aliomba sehemu ya pembeni ya kupita watu wa miguu na baiskeli. Wakaandika, wakashukuru, wakaondoka. Pembeni walituchimbia mtaro. Bado hatujaelewa kama lile lilikuwa jibu au ni makosa ya mchoro. Waliomwelewa mwalimu ni wachache: mama mmoja anayeuza samaki alikwenda kwa mchomeleaji akaomba fremu ya mabomba mawili ya chini, kisha muuguzi mmoja naye akaomba. Mchomeleaji siku hizi anaiita fremu ya Madam, na anadai kuwa wazo lilikuwa lake.

Mazishi yalikuwa makubwa, kama ilivyo desturi yetu kumheshimu mtu anapokuwa hana tena matumizi na heshima hiyo. Magari yalijipanga tangu njia kuu mpaka langoni, mvua ikanyesha, yakakwama, na wenye suti wakasukumana kwenye tope wakielekezana kwa hasira. Mheshimiwa mmoja, ambaye dereva wake alizoea kumpigia mwalimu honi mpaka aingie mtaroni, alishika kipaza sauti akamsifu kuwa shujaa wa mazingira. Mwenyekiti wa kina mama wa kanisa akasema marehemu alituonyesha unyenyekevu. Sidhani kama walimfahamu. Mwanamke yule hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Alipenda mambo yafanywe atakavyo, alikuwa na kauli kali, na hata fundi wake alimwogopa.

Mwanawe alizungumza mwisho, bila karatasi. "Mnajua nilimnunulia mama gari," akasema. "Watu walinisifu sana. Mama peke yake ndiye hakunisifu, na lilikuwa lake." Akaligeukia jeneza. "Sikuwa nimemuuliza anataka nini. Nilikuwa nimeuliza watu watasemaje." Akarudi kuketi. Wachache waliguna, wengine wakaangalia viatu vyao vya matope, na msemaji wa shughuli akawahi kututangazia mpangilio wa chakula.

Mimi nina wasomaji wengi ambao wazazi wao wako nyumbani, Kosele, Rangwe, Rongo na kwingineko, wamezungukwa na zawadi tulizowapelekea: makochi wasiyoyakalia, televisheni zinazotazamwa na wageni, wasaidizi wanaowanyang'anya jembe na sufuria kwa amri yetu. Tunawapiga picha nazo, tunawaonyesha marafiki, tunasifiwa. Nami nasema tuendelee kutuma, maana mahitaji ni mengi na umri ni mzigo. Ila mzee akiamka asubuhi, akafunga kanga yake kiunoni na kushika njia aliyoichagua, kwa chombo alichokichagua, tusimkimbilie na funguo. Tumezoea kudhani kwamba kumheshimu mzee ni kumbeba. Mara nyingi anachotuomba ni tumpishe apite.